MTAKATIFU PATRICK WA AYALANDI: MTU WA KALAMU NA MTU WA MIGHANI

 

Wahenga walituachia methali isemayo, "Usione vyaelea, vimeundwa." Kila mwaka tarehe 17 Machi, Waayalandi popote walipo huvaa kijani kibichi, hupiga bendi barabarani na kumkumbuka Mtakatifu Patrick. Ukimwuliza mtu ni kwa nini, aghalabu atakujibu, "Si ndiye aliyewafukuza nyoka wote nchini mwao?" Basi. Habari imeishia hapo. Lakini sherehe hiyo tunayoiona ikielea iliundwa kwa karne nyingi na kwa mikono mingi. Na chini yake kuna mtu halisi ambaye habari zake zinashinda zile za nyoka kwa mbali.

Katika lugha yetu neno "somo" lina maana kadhaa. Somo ni lile tunalofunzwa darasani. Somo ni mtu ambaye jina lenu ni moja. Tena Wakatoliki humwita somo yule mtakatifu ambaye mtu, parokia au nchi imewekwa chini ya ulinzi wake. Patrick ni somo wa Ayalandi kwa maana hiyo ya mwisho. Hebu leo tumfanye awe somo letu kwa ile maana ya kwanza.

Tutatumia swali moja tu ambalo kila mwanafunzi wa historia na fasihi simulizi anapaswa kuwa nalo mfukoni: NANI ALISEMA, NA ALISEMA LINI?

1. USHAHIDI TULIO NAO

Patrick aliishi katika karne ya tano baada ya Kristo. Tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani, na wataalamu wangali wakibishana juu ya mwaka aliokufa. Hata hivyo, tuna bahati kubwa. Yeye mwenyewe aliacha maandishi mawili kwa lugha ya Kilatini, na wataalamu wanakubaliana kwamba ni yake kweli. La kwanza huitwa Maungamo, ambamo anasimulia maisha yake na kujitetea mbele ya wakubwa wa kanisa waliomshuku. La pili ni barua kali aliyowaandikia askari wa mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus. Nakala kongwe zaidi ya Maungamo iliyobaki imo katika Kitabu cha Armagh, kilichoandikwa kwa mkono yapata mwaka wa 807, na sasa kimehifadhiwa katika Chuo cha Trinity mjini Dublin.

Watu waliosimulia maisha yake kwa kirefu, yaani Muirchú na Tírechán, waliandika mwishoni mwa karne ya saba. Hebu piga hesabu: ni kama miaka mia mbili baada ya Patrick kuzikwa! Kwa hivyo tuna Patrick wawili. Mmoja ni mtu wa kalamu, anayezungumza mwenyewe. Wa pili ni mtu wa mighani, anayezungumziwa na wengine. Tuanze na huyo wa kwanza.

2. KIJANA WA MIAKA KUMI NA SITA

Kumbe Patrick hakuwa Mwayalandi! Alizaliwa Uingereza wakati kisiwa hicho kilikuwa chini ya Warumi, au utawala wao ulipokuwa ukimalizika. Baba yake aliitwa Calpornius, naye alikuwa shemasi na mmoja wa madiwani wa mji. Babu yake, Potitus, alikuwa padri. Familia ilikuwa na shamba na watumishi. Kwa ufupi, alikuwa mtoto wa watu wenye nafasi, na mwenyewe anakiri kwamba siku hizo hakumjali sana Mungu.

Alipokaribia kutimiza miaka kumi na sita, maharamia kutoka Ayalandi walivamia shamba la baba yake. Wakamteka pamoja na maelfu ya watu wengine, wakavuka nao bahari na kuwatia utumwani. Fikiria, mwenzangu: miaka kumi na sita ndio umri wa wengi wetu humu shuleni.

Kwa miaka sita Patrick alichunga mifugo ya bwana wake katika nchi ya ugenini. Anaeleza kwamba aliamka kabla ya mapambazuko katika theluji, baridi na mvua, akasali sala kama mia moja mchana na karibu idadi hiyohiyo usiku. Yule kijana aliyepuuza mambo ya dini nyumbani kwao akaipata imani yake malishoni.

Usiku mmoja alisikia sauti usingizini ikimwarifu kwamba atarudi kwao na kwamba jahazi limekwisha kuwa tayari. Akatoroka. Bandari ilikuwa mbali, yapata maili mia mbili za Kirumi, na huko hakumjua mtu yeyote. Nahodha alipomwona alimkatalia kabisa. Patrick akageuka aende zake huku akisali, na kabla hajamaliza sala mabaharia wakamwita arudi. Wakasafiri baharini siku tatu, kisha wakatembea siku ishirini na nane katika nyika isiyo na watu, njaa ikiwauma hadi walipokutana na kundi la nguruwe. Baada ya miaka michache aliwafikia wazazi wake. Nao, kama wazazi wowote, walimsihi asiwaache tena.

3. ALIYETOROKA ANARUDI

Wengi wetu tungeifunga hadithi hapo: mtoto amerudi nyumbani, raha mustarehe. Lakini Patrick anasimulia kwamba aliota ndoto nyingine. Alimwona mtu aitwaye Victoricus akija kutoka Ayalandi na barua nyingi mno. Alipoanza kuisoma mojawapo alihisi anasikia sauti za watu waliokaa karibu na msitu wa Voclut, kando ya bahari ya magharibi, wakimwomba aje atembee tena kati yao. Anasema aliguswa moyo kiasi cha kushindwa kuendelea kusoma.

Baada ya miaka kadhaa alirudi, sasa akiwa askofu. Jamani, hebu tulitafakari jambo hili. Huyu ni mtu aliyeibwa ujana wake, naye anafunga safari kwa hiari yake kuwaendea watu wa nchi ileile iliyomfunga. Hakwenda kulipiza kisasi wala kudai fidia. Lugha yao aliijua, kwani aliishi nao miaka sita, na mila zao alizijua vilevile.

Kazi haikuwa rahisi. Aliwapa wafalme zawadi na kuwalipa watoto wao waliomsindikiza safarini. Waamuzi wa nchi aliwalipa kiasi ambacho kwa kadirio lake hakikupungua thamani ya watu kumi na watano. Zawadi ambazo waumini walimletea, hata mapambo ya akina mama yaliyowekwa juu ya altare, alizirudisha ili asije akasemwa kuwa anafanya biashara ya dini. Kuna wakati alikamatwa na kufungwa minyororo. Zaidi ya hayo, wakubwa wa kanisa huko Uingereza walimtilia shaka kwa kosa la utotoni ambalo alikuwa amemnong'onezea rafiki yake wa dhati, naye rafiki akalitoa hadharani. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jambo jingine litakalowagusa wanafunzi ni aibu aliyokuwa nayo juu ya elimu yake. Wenzake waliendelea na masomo huku yeye akichunga mifugo. Alipozeeka alijiona bado mshamba asiyejua kuandika Kilatini sanifu, akaogopa kuchekwa na wasomi. Hata hivyo alishika kalamu akaandika. Wasomi wale aliowaogopa, majina yao hatuyajui leo. Lake tunalijua.

4. BARUA KWA ASKARI WA COROTICUS

Sasa tumefika penye kiini cha somo letu.

Siku moja askari wa Coroticus waliwavamia watu ambao Patrick alikuwa amewabatiza. Waliwakuta wangali wamevaa mavazi yao meupe ya ubatizo, mafuta matakatifu yakinukia kwenye vipaji vya nyuso zao. Wakawaua baadhi yao na kuwachukua wengine mateka. Patrick alimtuma padri mmoja, aliyemfunza tangu utotoni, apeleke barua kuomba mateka warudishwe. Askari wakamcheka.

Hapo ndipo alipoandika barua ya pili, ile tuliyo nayo. Coroticus na watu wake walijiita Wakristo, kwa hivyo Patrick aliwatenga na kanisa. Aliwaagiza waumini wasile wala kunywa pamoja nao, wala wasipokee sadaka zao, mpaka watubu na kuwaachilia huru mateka. Alilinganisha: Wakristo wa Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, walikuwa wakichanga fedha ili kuwakomboa ndugu zao waliotekwa na Wafranki. Lakini Coroticus alikuwa akiwauza Wakristo kwa watu wasiomjua Mungu. Biashara gani hiyo?

Katika Maungamo pia aliwakumbuka wanawake waliokuwa watumwa, akasema hao ndio wanaoteseka kuliko wote kwa vitisho wanavyovumilia kila siku. Ili tuelewe uzito wa maneno hayo, tuangalie lugha ya Waayalandi wenyewe. Katika sheria zao za kale mna neno "cumal", lenye maana ya mtumwa wa kike. Neno hilohilo lilitumika kama kipimo cha thamani, jinsi sisi tunavyosema shilingi. Fidia na hata ardhi zilihesabiwa kwa "cumal". Mwanadamu aligeuzwa kuwa sarafu! Katika dunia ya namna hiyo, kuandika kwamba mtumwa wa kike anaumia, na kwamba kuumia kwake ni jambo la kutajwa, hakukuwa jambo dogo.

Je, barua hiyo iliumaliza utumwa? La. Utumwa uliendelea Ayalandi, na baadaye Waviking waliifanya Dublin kuwa soko kubwa la watumwa. Lakini sauti ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa, iliyoandikwa kwa mkono wake, ilibaki.

5. MTU WA MIGHANI

Katika fasihi simulizi tunafundishwa kuwa mighani ni masimulizi ya mashujaa wa jamii, ambamo mtu huongezewa sifa na nguvu zisizo za kawaida. Sote tunaijua mighani ya Fumo Liongo wa pwani na ya Lwanda Magere wa Wajaluo. Waayalandi nao walimfanyia Patrick vivyo hivyo. Tuyapitishe masimulizi yao katika swali letu.

(a) Nyoka. Eti Patrick alipanda mlimani akawafukuza nyoka wote wakatumbukia baharini. Kusema kweli, kisiwa hicho hakikuwa na nyoka wa kufukuzwa. Zamani sana kilifunikwa na barafu, na barafu ilipoyeyuka bahari ilikizunguka kabla ya nyoka kufika. Solinus, mwandishi Mrumi wa karne ya tatu, alikwisha kusema Ayalandi haina nyoka, na hapo Patrick hajazaliwa! Naye Gerald wa Wales, aliyeandika katika miaka ya 1180, aliitilia shaka hadithi hiyo.

(b) Shamroki. Huu ni mmea mdogo wenye vijani vitatu katika kikonyo kimoja. Inasemekana Patrick aliutumia kufunza Utatu Mtakatifu: vijani vitatu, mmea mmoja. Ni mfano mzuri wa ufundishaji, wala hakuna mwalimu atakayeukataa. Ila Patrick mwenyewe hautaji popote, na maandishi ya kwanza yanayosimulia habari hiyo ni ya mwaka wa 1726.

(c) Moto wa Pasaka. Muirchú anasimulia kwamba Patrick aliwasha moto wa Pasaka katika kilima cha Slane usiku ambao mfalme Lóegaire wa Tara alikuwa amekataza moto wowote kuwashwa kabla ya wake. Wachawi wa mfalme wakamtahadharisha kwamba moto ule usipozimwa usiku huohuo hautazimika milele. Lo! Simulizi hii inasisimua, lakini mwandishi wake aliishi karne mbili baadaye.

(d) Kuwa mmishonari wa kwanza. Hata hili halisimami. Prosper wa Aquitaine aliandika kwamba mwaka wa 431 Papa Selestino alimtuma Palladius kuwa askofu wa kwanza wa Waayalandi waliomwamini Kristo. Maana yake, Wakristo walikuwako huko tayari.

Je, basi mighani ni uongo wa kutupwa? Hasha! Mighani hutueleza yale ambayo jamii ilitamani na kuogopa. Kosa ni kuyachanganya mambo mawili: kuuchukua wimbo ukaufanya shajara.

6. DESTURI ZA SIKUKUU YAKE

Tarehe 17 Machi huaminiwa kuwa siku aliyokufa. Kaburi lake, kwa mapokeo, liko Downpatrick, ambako jiwe kubwa la matale liliwekwa mwaka wa 1900. Siku hiyo huangukia katika Kwaresima, na kwa desturi Waayalandi waliruhusiwa kulegeza mfungo kidogo. Ilifanywa sikukuu ya umma nchini humo kwa sheria ya mwaka wa 1903. Jambo la kushangaza ni kwamba kuanzia 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaa yalifungwa siku hiyo kwa amri ya sheria. Anayedhani kwamba sikukuu hii tangu jadi ni ya pombe na ajue hivyo!

Gwaride tunazoziona kwenye televisheni zilistawi zaidi ughaibuni kuliko nyumbani. Mji wa New York ulikuwa na gwaride lake mwaka wa 1762. Chicago imekuwa ikiutia mto wake rangi ya kijani tangu 1962. Dublin yenyewe ilianzisha tamasha lake kubwa mwaka wa 1996 tu. Hata rangi ya kijani haikuwa peke yake tangu mwanzo, kwani nishani ya Mtakatifu Patrick iliyoanzishwa mwaka wa 1783 ilikuwa na rangi ya buluu.

Desturi za kale zaidi ni za hija. Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya watu hupanda mlima wa Croagh Patrick, wenye urefu wa mita 764, wengine miguu mitupu juu ya mawe makali, mahali ambapo husemwa alifunga siku arobaini. Kwenye kisiwa kilichomo ziwani Lough Derg mahujaji hukaa siku tatu bila viatu, wakila mkate mkavu na chai ya rangi, na kukesha usiku kucha.

Tusisahau kwamba Ayalandi ina wasimamizi watatu. Pamoja na Patrick wako Colmcille, aliyeanzisha monasteri ya Iona huko Uskoti mwaka wa 563, na Brigid wa Kildare, ambaye mapokeo husema mama yake alikuwa mtumwa. Siku ya Brigid ni tarehe 1 Februari, nao watu husuka misalaba ya nyasi za kinamasi na kuitundika majumbani. Tangu 2023 yeye pia ana sikukuu ya umma.

7. MONTSERRAT, 1768

Kuna mahali pamoja ambapo tarehe 17 Machi ina maana ya ndani zaidi. Montserrat ni kisiwa kidogo katika bahari ya Karibi. Waayalandi wengi walihamia huko katika karne ya kumi na saba, wengine wakiwa maskini wa kutumikishwa. Baadhi yao walipanda wakawa mabwana wa mashamba ya miwa, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa kutoka bara letu la Afrika.

Mwaka wa 1768 watumwa hao walipanga kuasi. Walichagua siku gani? Siku ya Mtakatifu Patrick, maana walijua mabwana watakuwa karamuni wakilewa. Siri ikavuja, na watumwa tisa wakanyongwa. Tangu 1985 Montserrat huadhimisha siku hiyo kama sikukuu ya umma, kwa heshima ya wale walioupigania uhuru wao.

Angalieni kinaya kilichoko hapa, wenzangu. Mabwana walikuwa wakimsherehekea Patrick, na huku wakitenda lile alilolilaani kwa kalamu yake. Laiti wangeisoma ile barua kwa Coroticus, wangejiona wenyewe ndani yake. Hapa ndipo tunapoona hatari ya kubaki na mtu wa mighani peke yake: wa nyoka hamsumbui mtu yeyote, bali wa barua humwuliza kila bwana, "Hawa uliowafunga ni wa nani?"

8. JINA LAKE LILIVYOFIKA KWETU

Jina la Patrick lilitufikia kupitia wamishonari. Tarehe 17 Machi 1932 ilianzishwa huko Kiltegan, Ayalandi, Shirika la Kimishonari la Mtakatifu Patrick. Mapadri wake walianzia Nigeria, wakaja pia Kenya, na Turkana ni mojawapo ya sehemu walizofanya kazi. Shule ya upili ya St. Patrick's Iten ilifunguliwa mwaka wa 1961. Bruda Colm O'Connell aliwasili hapo kutoka Ayalandi mwaka wa 1976 kuwa mwalimu, akaishia kuwa mkufunzi wa riadha mashuhuri. Peter Rono, aliyesoma hapo, alitwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988.

9. HITIMISHO

Tumejifunza nini? Kwanza, tusikiapo sifa za mtu mkubwa, tuulize nani alisema, na lini. Pili, kuuliza hivyo hakumvunjii mtu heshima. Patrick tukimvua nyoka, moto na shamroki hapungui hata chembe. Anabaki kijana aliyetekwa, akatoroka, akarudi kwa hiari, kisha akawaandikia wenye silaha akiwatetea wasio na silaha. Tatu, Kilatini chake kibovu kimedumu miaka elfu moja na mia tano. Basi mwanachama mwenzangu unayeogopa kuandika insha kwa sababu Kiswahili chako si sanifu, shika kalamu uandike.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja maandishi mawili ya Patrick mwenyewe na ueleze kila moja linahusu nini.
2. Kwa nini masimulizi ya Muirchú hayana uzito sawa na Maungamo?
3. Neno "cumal" linatufunza nini kuhusu jamii ya Ayalandi ya kale?
4. Eleza kinaya kinachojitokeza katika tukio la Montserrat la mwaka wa 1768.
5. Chagua shujaa mmoja wa mighani katika jamii yako. Tenga yale yanayoweza kuthibitishwa na yale yaliyoongezwa, kisha ueleze kwa nini unadhani jamii iliyaongeza.